Parnas Alipokataa Dola 1,000 kwa Siku

Kama ulisomea sayansi ya kompyuta chuoni, jina la David Parnas umekutana nalo, hata kama ulilisahau siku ya pili baada ya mtihani. Ndiye aliyeandika mwaka 1972 kwamba programu igawanywe katika vipande, na kila kipande kifiche maamuzi yake ya ndani, ili ukigusa kimoja vingine visianguke. Leo tunafanya hivyo bila hata kufikiri. Mimi nilimjua kwa hilo tu, mpaka nilipoanza kusoma historia ya washauri wa sayansi wa serikali ya Marekani (usiniulize niliingiaje huko, mtandao ni kama Gikomba, unaenda kutafuta soksi unarudi na koti). Huko nikamkuta tena Parnas, safari hii ameshika barua ya kujiuzulu.

Kisa chake kinatuhusu sana sisi tunaokula kwa kuandika programu, na naona ajabu kwamba hatukufundishwa darasani. Ndani yake kuna maswali mawili. Serikali ikitaka kufanya jambo kubwa la kiteknolojia, mtaalamu anaulizwa lini, kabla ya uamuzi au baada? Na akitoa jibu lisilopendeza, jibu hilo linaenda wapi?

Turudi nyuma kidogo kwanza. Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, na Wamarekani wakashikwa na hofu kubwa. Rais Eisenhower, mwanajeshi asiyejifanya kujua fizikia, mwezi uliofuata akamteua James Killian, mkuu wa chuo cha MIT, kuwa mshauri wake wa sayansi, na karibu naye akaweka kamati ya wanasayansi iliyokuwa ikimshauri rais moja kwa moja. Wanakamati hawa hawakuwa waajiriwa wa Ikulu. Walikuwa na kazi zao vyuoni na viwandani, wanakuja Washington siku kadhaa, wanasoma nyaraka za siri, wanasema wanayoyaona, kisha wanarudi kwao. Hapo ndipo nguvu yao ilipokuwa. Mtu ambaye ugali wake hautoki kwako anaweza kukuambia ukweli.

Lakini mtu wa namna hiyo anaweza pia kukuudhi. Mwaka 1969 serikali ya Nixon ilitaka kugharamia ndege ya abiria inayopita kasi ya sauti, kushindana na Concorde ya Uingereza na Ufaransa. Kikundi cha washauri kikakabidhiwa kazi ya kuichunguza, kikiongozwa na Richard Garwin, mwanafizikia wa IBM. Huyu ni mtu ambaye akiwa na miaka 23 tu alichora mpango wa kifaa cha kwanza cha majaribio ya bomu la haidrojeni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia haelewi teknolojia. Kikundi kikashauri serikali ijitoe. Ripoti ikafungiwa kabatini. Mwaka 1970 Bunge lilipomwita Garwin, alikwenda akazungumza kama mtaalamu na raia, akayaeleza matatizo ya ndege ile bila kuitoa ripoti yenyewe. Machi 1971 wabunge wakakata pesa, ndege ikafa.

Kabla ya hapo, Machi 1968, Garwin huyo huyo alikuwa ameandika na Hans Bethe katika jarida la Scientific American kupinga mpango wa kukinga nchi kwa makombora ya kudungua makombora. Ikulu ikaona imefuga nyoka. Mwaka 1973 Nixon akaivunja kamati pamoja na ofisi yote ya sayansi. Bunge lilirudisha ofisi kwa sheria ya mwaka 1976, wakati wa Rais Ford, na mshauri akapata tena kiti. Kamati yenye meno haikurudi kwa sura yake ya zamani.

Bunge nalo halikuwa limelala. Mwaka 1972 lilijiundia chombo chake, Ofisi ya Tathmini ya Teknolojia, kwa kifupi OTA. Ikumbuke, tutaihitaji mbele.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Usiku wa tarehe 23 Machi 1983 Rais Reagan alitokea kwenye televisheni akawaomba wanasayansi waliolipa taifa silaha za nyuklia watafute njia ya kuzifanya silaha hizo kuwa bure, zisizo na kazi. Ngao angani. Kombora la Wasovieti likirushwa, lidunguliwe kabla halijafika. Wapinzani wakaliita jambo hilo Star Wars, kama ile filamu.

Mshauri wake wa sayansi, George Keyworth, mwanafizikia kutoka Los Alamos, aliambiwa habari za sehemu hiyo ya hotuba siku nne kabla. Siku nne! George Shultz, waziri wa mambo ya nje, alijua zikiwa zimebaki siku mbili. Baadaye Keyworth akawa mmoja wa watetezi wakubwa wa mpango huo, na wengi wamemsema vibaya kwa hilo. Mimi namwonea huruma kiasi. Wenzangu wa kazi hii mnaijua hali yenyewe: bosi ameshasaini mkataba, tarehe ameshamtajia mteja, ndipo unaitwa ofisini na kuulizwa, "Enhe, hii inawezekana, sivyo?" Hapo huombwi ushauri, unaombwa kutikisa kichwa.

Baada ya hotuba ndipo uchunguzi ukaanza. Jopo moja liliongozwa na James Fletcher, aliyewahi kuwa mkuu wa NASA, na ndani ya kazi ile ikatokea hesabu kwamba programu za kuongoza vita hivyo zingefikia mistari milioni 10 hivi. Fikiria kazi yake: kuona maelfu ya vitu vinavyopaa, kutenganisha vichwa vya nyuklia na vya bandia vilivyorushwa makusudi kudanganya, kufuata kila kimoja, kuamua silaha gani ipige kipi, kuangalia kama imepiga, na kurudia. Kombora la masafa marefu huchukua kama nusu saa kufika. Yaani yote hayo kwa muda ambao matatu ya Thika Road hutumia kungoja abiria wajae.

Mwaka 1985 ofisi iliyosimamia mpango huo ikaunda jopo la wataalamu wa kompyuta, na Parnas akaalikwa. Alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Victoria, Canada, na mshauri wa maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani, ambako kwa miaka alikuwa ameshughulikia programu ya ndege ya kivita ya A-7. Kwa hiyo hakuwa mtu wa maandamano. Alikuwa mtu wa ndani, na hakuona ubaya kufanya kazi za ulinzi. Malipo: dola 1,000 kwa siku.

Alihudhuria, akarudi nyumbani, akajaribu kuandika namna tatizo linavyoweza kutatuliwa. Kila alipojaribu aligonga ukuta. Tarehe 28 Juni 1985 akajiuzulu, na pamoja na barua akaambatanisha insha fupi nane zinazoeleza sababu. Mwezi Julai habari ikawa gazetini, na kabla mwaka haujaisha insha zikachapishwa katika majarida mawili, American Scientist na jarida la chama cha wanakompyuta, ACM.

Insha zile nimezisoma mara tatu. Hazina siasa, na hazisemi Reagan ni mbaya au mzuri. Zinaeleza kwa nini programu si kama daraja. Daraja likibeba lori la tani 20, huna haja ya kulijaribu kwa tani 19. Vitu vya chuma na saruji hubadilika taratibu, kwa hiyo majaribio machache yanakuambia mengi. Programu haina utaratibu huo. Inaweza kufanya kazi sawasawa kwa 19 na kwa 20, halafu ikaanguka kwa 19 na nusu, kwa sababu ya alama moja iliyowekwa pasipo. Hali inazoweza kuwa nazo ni nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu, na majaribio yako yanagusa chache tu.

Kwa nini basi programu kubwa hufanya kazi? Parnas anajibu kama mtu aliyechafua mikono: kwa sababu watu huzitumia, zinaanguka, tunarekebisha, zinaanguka tena, tunarekebisha tena. Mimi nikitengeneza mfumo wa sacco, nauendesha kwanza kwa hesabu za mwezi uliopita na kulinganisha na vitabu. Halafu nauacha miezi miwili ukitembea sambamba na daftari la karani. Na bado siku moja ujumbe wa malipo utakuja mara mbili, mama fulani wa Kiambu aonekane amelipa mkopo wake maradufu, na simu yangu ilie saa mbili usiku. Narekebisha, maisha yanaendelea. Vita vya nyuklia havina hesabu za mwezi uliopita. Mfumo ule ungetumika mara ya kwanza siku ambayo hauruhusiwi kukosea, dhidi ya adui ambaye kazi yake ni kukutengenezea hali usiyoitarajia, na hakuna wa kumpigia simu.

Sisi Wakenya tuna mfano wetu mdogo wa mfumo wa siku moja. Machi 2013 vifaa vya kielektroniki vya kutambua wapiga kura viligoma katika vituo vingi. Pengine ni betri tu zilizoisha mahali pasipo na umeme. Kwenye meza ya mradi kila kitu kilikuwa kimepangwa. Tulirudi kwenye madaftari ya karatasi, angalau yalikuwepo.

Na wala si nadharia, maana mitambo ya onyo ya Marekani ilikuwa imeshatoa mifano yake. Tarehe 5 Oktoba 1960 rada ya Thule, kule Greenland, iliripoti shambulio kubwa la makombora. Kumbe ulikuwa mwezi unachomoza; waliotengeneza mfumo hawakuuweka mwezi katika hesabu zao. Kilichosaidia ni kwamba walikuwepo binadamu wa kujiuliza Khrushchev yuko wapi, na siku hizo alikuwa New York kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa. Novemba 1979 data za mafunzo ziliingia katika mfumo halisi, na maafisa wakaona mamia ya makombora. Juni 1980 chipu ya senti 46 iliharibika, zikatokea takwimu za makombora yasiyokuwepo. Mara zote tatu mtu alipata dakika za kusita. Ngao ya Reagan ingehitaji kuanza kufyatua kombora la adui linapopanda tu, na dakika hizo za kusita zisingepatikana.

Sasa usifikiri Parnas alisema na wote wakaitikia amina. La. Frederick Brooks, yule wa kitabu cha The Mythical Man-Month, aliwaambia maseneta mwaka huo huo kwamba haoni sababu ya programu hiyo kutowezekana kwa ujuzi uliopo. Mwenyekiti wa jopo lenyewe, Danny Cohen, alibaki na kazi ikaendelea. (Cohen ndiye aliyetuletea kutoka kitabu cha Gulliver lile jina la ugomvi wa mpangilio wa baiti, upande upi wa yai uanze. Watani wa fani hii hawapungui.) Oktoba 1985 Parnas na Joseph Weizenbaum walikabiliana na Cohen na Charles Seitz katika mdahalo hadharani pale MIT.

Ripoti ya jopo la Cohen ilitoka Desemba 1985. Ilisema inawezekana. Lakini isome vizuri: ilisema michoro ya makampuni ya silaha ni mibovu, kwa sababu walipanga vyombo vyote kwanza na kuiachia programu nafasi ya mwisho kama rangi ya ukuta, na walitaka kila kitu kiongozwe kutoka katikati. Jopo likataka mfumo uliotawanyika, ambao vipande vyake vinaweza kujaribiwa kimoja kimoja. Yaani hata waliosema ndiyo, walisema ndiyo kwa kitu tofauti na kilichokuwa kinanunuliwa. Naamini Parnas kugonga mlango akitoka kulisaidia ripoti ile kuwa kali, ingawa hiyo ni imani yangu tu.

Kilichomuudhi Parnas zaidi, kama alivyoandika baadaye, hakikuwa hoja za kina Cohen. Ni wale waliokubaliana naye faraghani kwamba ngao haitawezekana, halafu wakasema pesa zitatumika tu, afadhali zije kwenye utafiti wetu wa kompyuta. Hapa ndipo mimi nasimama naye kabisa. Mshauri anayejua jibu na kulificha kwa sababu bajeti ni tamu ni hatari kuliko mshauri asiyejua, kwa maana waziri anamwamini.

Fikiria sasa uko nafasi ya mbunge. Wataalamu wenye majina wamegawanyika, rais anataka pesa, na wewe ulisomea sheria. Utamwamini nani? Hapo ndipo OTA ilipofanya kazi yake. Bodi yake ilikuwa na wabunge 12, nusu kwa nusu kwa vyama viwili, ili asiwepo wa kusema ni ya wapinzani. Ripoti zake zilipitiwa na watu wa pande zote, hata wenye viwanda. Mwaka 1984 ilitoa karatasi ya mwanafizikia kijana, Ashton Carter, iliyosema matumaini ya kinga kamili yako mbali mno hata yasiwe msingi wa sera ya taifa. Wakubwa wa mpango wakataka karatasi iondolewe. OTA ikaita wataalamu wengine waipitie, kisha ikakataa kuiondoa. (Carter huyo alikuja kuwa waziri wa ulinzi mwaka 2015.)

Halafu mwaka 1988 ikatoka ripoti nene yenye sura nzima juu ya programu. Haikuwaambia wabunge wapige kura vipi. Ilisema tu kwamba upo uwezekano mkubwa kuwa mara ya kwanza mfumo huo kutumika vitani, ambayo huenda ingekuwa pia ya mwisho, ungeanguka vibaya kabisa. Hoja ya Parnas, iliyotoka mlangoni miaka mitatu kabla na kutangazwa magazetini, sasa imepimwa dhidi ya hoja za wapinzani wake na kuwekwa mezani kwa Bunge kwa muhuri rasmi.

Ndiyo maana simwoni Parnas kama shujaa aliyeshinda peke yake. Barua yake ingekuwa karatasi tu kama pasingekuwepo jarida la kuichapisha, mdahalo wa kuijaribu, na ofisi isiyo chini ya rais ya kuipima. Keyworth alikuwa karibu na rais kuliko wote hawa, na ndiye aliyeweza kusema machache zaidi.

Je, mpango ulikufa? Polepole. Bunge liliendelea kutoa pesa, ila kila mara pungufu ya zilizoombwa. Muungano wa Kisovieti ulivunjika 1991. Mei 1993 waziri wa ulinzi Les Aspin alitangaza mwisho wa enzi ya Star Wars na kuibadilisha jina ofisi ile. Kufikia hapo dola kama bilioni 30 zilikuwa zimetumika na hakuna ngao angani. Wapo wanaosema hofu ya ngao ndiyo iliyowamaliza Wasovieti. Wanahistoria bado wanabishana, waache wabishane.

OTA yenyewe haikuishi sana. Mwaka 1995 chama cha Republican, kikiwa kimetwaa Bunge chini ya Newt Gingrich, kilitafuta cha kukata kuonyesha kinabana matumizi, kikakata OTA. Bajeti yake ilikuwa karibu dola milioni 22 kwa mwaka. Katika miaka 23 ilikuwa imetoa ripoti kama 750. Nimeona makampuni ya programu yakifanya hivyo hivyo, yakifukuza watu wa majaribio ili yawahi tarehe. Tarehe huwahi kweli.

Tarehe 20 Mei 2025 Rais Trump alitangaza mpango wa Golden Dome, ngao mpya yenye silaha angani, kwa makadirio ya dola bilioni 175 na miaka kama mitatu ya kazi. Kompyuta za leo si za 1985, hilo nakubali, na programu za mistari milioni 10 sasa ni za kawaida. Lakini swali la majaribio liko pale pale. Richard Garwin alikuwa amefariki wiki moja kabla, Mei 13, akiwa na miaka 97. Ripoti za OTA zimehifadhiwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Princeton, bure. Ile ya 1988 ni nzito kidogo, kwa hiyo ukiifungua nenda moja kwa moja kwenye sura ya programu.